Mali kauli isiyo na kauli: mikopo ya simu katika mpaka wa Busia na Malaba

Wazee wetu wa pwani walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hiyo haijachakaa hata leo. Kilichobadilika ni kuwa harusi sasa hufungwa kiganjani, kwa kubonyeza namba ya siri, na matanga huandikwa na mashine isiyomjua mkopaji wala ukoo wake.

Ukurasa huu ni wa utamaduni, na mlango wa utamaduni ni maneno. Basi tuyatazame maneno ya mikopo hii mipya. Utashangaa, msomaji, kuona kuwa mengi yametoka kwetu pwani. Pesa ni neno lililotujia kutoka Bara Hindi pamoja na majahazi. Mtu aliyeishiwa na salio la simu hukopeshwa na kampuni ya Safaricom kwa jina la Okoa Jahazi. Mkopo wa benki kwa simu ulioanzishwa Novemba 2012 uliitwa M-Shwari, na kila baharia ajua shwari ni bahari iliyotulia. Januari 2019 ukaja Fuliza, na kufuliza kwa Kiswahili ni kutenda jambo mfululizo bila kupumzika. Bila shaka aliyechagua jina hilo alifikiria malipo yasiyokatika njiani. Mkopaji aliyezoea anajua kuwa neno hilo lina maana nyingine.

Naam, jahazi limechukuliwa, shwari imechukuliwa, kufuliza nako kumechukuliwa. Lakini katika hazina yetu ya maneno ya deni kuna moja ambalo makampuni hayakulichukua. Neno hilo ni kauli. Makala haya yanauliza kwa nini limeachwa nyuma, na mtu mdogo anapoteza nini linapokosekana.

NENO LILILOACHWA

Watu wa pwani na visiwani wanaijua mali kauli. Mfanyabiashara mdogo alikwenda kwa tajiri, akapewa marobota ya nguo au magunia ya mchele bila kutoa hata senti moja, akaenda kuuza, kisha akarudi na fedha ya watu. Dhamana yake ilikuwa kauli yake. Tajiri alimjua baba yake, aliujua msikiti anaosali, na alijua kama aliwahi kukimbia deni la mtu.

Biashara kubwa nayo ilikwenda kwa njia hiyo. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alipata bidhaa za misafara yake ya bara kwa kukopeshwa na matajiri wa Unguja, na mkubwa wao alikuwa Taria Topan. Misafara ya zama hizo ilibeba dhuluma kubwa ya pembe na watumwa, na hatuisifu. Tunachotaja ni namna mkopo ulivyotolewa. Watu wa pwani walifika pia kwa Nabongo Mumia, mtawala wa Wanga tangu 1882, na mji wa Mumias ukawa kituo katika njia ya Buganda na kitovu cha Uislamu magharibi mwa Kenya. Kutoka Mumias hadi Busia si mbali. Kwa hiyo mkopo wa kuaminiana si jambo geni katika nchi ile.

Wala hatusemi kuwa mali kauli ilikuwa pepo. Mgeni asiye na wa kumsemea hakuipata. Mwanamke aghalabu alihitaji mwanamume wa kusimama mbele yake. Mashamba mengi ya Unguja na ya pwani yaliishia mikononi mwa waliokopesha. Lakini hata mkopaji mnyonge alikuwa na jambo moja: aliweza kufungua kinywa. Aliweza kusema, "Mvua imeharibu barabara, nipe hadi mwezi mwandamo," na tajiri akamtazama usoni, akakubali au akakataa. Kauli ilikuwa ya pande mbili.

MPAKA ULIOZAA BODA BODA

Tumeichagua Busia na jirani yake Malaba kwa sababu hapo jambo hili linaonekana wazi kuliko Nairobi au Mombasa. Kila mmoja wa miji hii una mwenzake wa jina hilo hilo upande wa Uganda. Kabla ya mwaka 1902 hapakuwa na mpaka hapo, kwani nchi yote ile hadi karibu na Naivasha ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili mpaka leo. Na hata baada ya mpaka kuchorwa, fedha iliendelea kuwa moja, shilingi ya Afrika Mashariki, hadi mwaka 1966 kila serikali ilipotoa ya kwake. Tangu hapo mwenye kuvuka akahitaji mtu wa kumbadilishia noti, na wabadilishaji fedha wa barabarani wakapata kazi.

Busia ndiko lilikozaliwa neno ambalo leo hutajwa Afrika Mashariki nzima. Katika miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walivusha abiria katika kipande cha barabara kati ya forodha mbili wakinadi "boda, boda", kutokana na neno la Kiingereza la mpaka. Pikipiki za Lamu na za Kigoma zinaitwa hivyo kwa ajili ya vijana wale.

Malaba nayo ni mlango wa reli na wa malori yanayotoka bandari ya Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 900. Kwa hivyo mpaka huu unatuhusu sisi wa pwani pia. Shehena inayoshushwa Kilindini hupita hapo, na vijana wetu wa Changamwe na Miritini walio madereva na utingo wanazijua foleni zake. Mwaka 2020, wakati wa korona, malori yalipanga mstari wa makumi ya kilomita yakingoja madereva wapimwe.

Pembeni mwa malori hayo kuna biashara nyingine isiyotangazwa sana. Ni ya akina mama wanaovuka na maharagwe, ndizi na dagaa kwenda huku, na vyombo vya plastiki, sabuni na mafuta ya kula kwenda kule. Jumuiya ya Afrika Mashariki imewawekea utaratibu mwepesi wa forodha kwa bidhaa za nchi wanachama zisizozidi thamani ya dola 2,000, na Februari 2018 marais wa nchi mbili walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka Busia, ili msafiri akaguliwe mara moja tu. Bidhaa, basi, zimefunguliwa mlango. Tuone fedha zimefunguliwa upi.

NEEMA YA SIMU

Mwenye kusema ukweli hana budi kuanza na neema. M-Pesa ilianza Machi 2007 nchini Kenya. MTN ilifuata Uganda mwaka 2009. Kabla ya hapo dereva aliyekwama Malaba alitumiwa fedha kwa mkono wa dereva mwenzake au kwa karani wa basi, na bahasha iliweza kufika imefunguliwa, au isifike kabisa. Mwaka 2006 Wakenya wazima waliofikiwa na huduma rasmi za fedha walikuwa kama 27 katika kila 100. Mwaka 2024 walikuwa karibu 85. Watafiti Tavneet Suri na William Jack, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2016, walikadiria kuwa M-Pesa imezitoa nyumba 194,000 za Kenya katika umaskini, hasa kwa kuwapa wanawake nafasi ya kuacha kilimo cha kujikimu na kushika biashara.

Hayo si madogo. Mama asiye na hati ya shamba, ambaye meneja wa benki hangemwangalia mara mbili, leo aweza kupata shilingi 2,000 alfajiri kabla ya soko kufunguliwa. Mashine haimwulizi kabila, haimwombi chai, haitaki saini ya mume. Wanaoilaani mashine wakumbuke jinsi binadamu alivyokuwa akikopesha.

Lakini mlango wa simu una mwenyewe, na mwenyewe aweza kuufunga. Februari 2016, siku ya uchaguzi wa Uganda, serikali iliamuru huduma za fedha kwa simu zizimwe. Julai 2018 Uganda ikatoza kodi ya asilimia 1 ya fedha yenyewe inayopita katika simu, na baada ya kelele za wananchi ikashushwa kuwa asilimia 0.5 ya fedha inayotolewa. Kenya nayo ilipandisha ushuru wa ada za kutuma fedha kutoka asilimia 12 hadi 15 mwaka 2023. Noti mkononi hailipi ushuru wa kupokelewa, ndiyo maana mbadilishaji fedha wa Busia bado yuko kazini.

MASHINE INASOMA NINI?

Sasa tufike kwenye kiini. Anayekupa mkopo wa simu hakujui, basi anakupimaje? M-Shwari ilipoanza, benki ilitumia kumbukumbu za kampuni ya simu: umenunua salio mara ngapi, umepokea na kutuma fedha kiasi gani, ulikopeshwa salio ukalirudisha lini. Baadaye zikaja programu za kupakua, kama Tala iliyoingia Kenya mwaka 2014 na Branch mwaka 2015. Programu za namna hii zilisoma ndani ya simu yenyewe: jumbe za fedha, aina ya simu, na kwa baadhi yao hata orodha ya watu unaowasiliana nao.

Hapo ndipo inapoingia ile wanayoiita akili bandia, na wengine akili unde au akili mnemba. Ukiondoa majina makubwa, ni hesabu inayojifunza kutokana na waliotangulia. Hutazama maelfu kwa maelfu ya waliokopa zamani, ikaona waliolipa walikuwa na mwenendo gani na waliokimbia walikuwa na mwenendo gani, kisha ikakutazama wewe na kusema unafanana na kundi lipi. Benki Kuu ya Kenya ilichapisha uchunguzi mwaka 2025 ulioonyesha kuwa karibu nusu ya taasisi za fedha zilizoulizwa zimekwisha kuanza kuitumia, na kazi yake kubwa ni hiyo hiyo ya kupima wakopaji.

Msomaji ataona kuwa hii ndiyo ile methali ya samaki mmoja akioza wote wameoza, ila imefanywa kwa hesabu kubwa. Mashine haikujui wewe. Inawajua waliofanana nawe. Kwa lugha ya wanazuoni wetu, hukumu yake ni dhana, haijafikia yakini. Dhana yaweza kupatia mara nyingi, na mfanyabiashara yeyote hana budi kuitumia. Dini yetu haikukataza kupima. Ilionya juu ya kuifanya dhana kuwa ushahidi dhidi ya mtu.

NUSU YA MTU

Tuchukue mfano wa mama mmoja, wa kubuni lakini wa kila siku. Anakaa Busia upande wa Kenya. Hununua beseni na ndoo kwa mfanyabiashara wa jumla na kumlipa kwa M-Pesa. Huvuka, huuza upande wa Uganda, na wateja humlipa kwa noti au kwa laini yake ya Uganda. Kwa fedha hiyo hununua maharagwe huko huko, hurudi nayo, na kuyauza Kenya, nusu kwa noti na nusu kwa simu. Kila shilingi moja ya Kenya huhesabiwa kwa kama 30 hivi za Uganda, na bei hiyo hupanda na kushuka. Yeye huibeba hesabu yote kichwani bila kukosea.

Sasa mashine ya Kenya inaona nini? Inaona fedha ikitoka kwenda kwa muuza beseni. Haioni beseni zikiuzwa. Siku mbili baadaye inaona fedha ikiwekwa kwa wakala, na kumbukumbu ya wakala husema tu kuwa noti zimewekwa, haisemi zilipatikana wapi. Mashine ya Uganda nayo inaona fedha ikiingia na kutolewa siku hiyo hiyo, kama mtu asiyeweza kuweka akiba. Yule mama ni mmoja, lakini kila mashine imeona nusu yake, na nusu zote mbili ni mbaya kuliko yeye mzima. Huko Kenya anafanana na mtumiaji asiye na mapato, na Uganda anafanana na mfujaji.

Tena mashine haijui kuwa laini moja pengine imeandikishwa kwa kitambulisho cha mume au cha shemeji, kwa kuwa siku ya kuandikisha yeye hakuwa na kitambulisho cha nchi ile. Kumbukumbu zote za jasho lake zimekwenda katika jina la mtu mwingine. Siku atakapoomba mkopo kwa jina lake, ataonekana kama mtoto aliyezaliwa jana.

Mwenye duka la jumla angeyajua yote haya kwa kumwuliza maneno mawili. Mama angesema, "Mali yangu iko upande wa pili, njoo uione." Lakini ujumbe uliokuja simuni unasema kwamba kwa sasa hastahiki mkopo, au kiwango chake kimepunguzwa, basi. Haukusema kwa nini. Haukusema amwendee nani. Mali kauli imerudi, lakini safari hii kauli ni ya mkopeshaji peke yake.

Waliokuwa wakipata mkopo nao waliona upande mwingine. Baadhi ya makampuni ya mikopo, mtu akichelewa kulipa, yaliwapigia simu watu waliomo katika orodha yake: bosi wake, mkwewe, hata watu asiowajua vizuri, kumtangazia deni. Kwetu, kumvunjia mtu heshima mbele ya wakweze ni adhabu ambayo hakuna kadhi aliyeihukumu. Mwaka 2023 Afisi ya Kamishna wa Data ya Kenya iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa kutumia majina na namba za watu wengine waliomo simuni mwa wakopaji. Mwaka huo huo Google ilipiga marufuku programu za mikopo zinazopatikana kwake zisiguse orodha ya namba wala picha za mwenye simu.

RIBA NA MUHULA

Kwa msomaji Mwislamu kuna swali linalotangulia yote hayo, nalo ni riba. M-Shwari ilipoanza ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Aliyekopa 1,000 alirudisha 1,075. Yasikika kidogo, lakini anayekopa hivyo kila mwezi hulipa 90 kwa kila 100 kwa mwaka. Kwa kulinganisha, Hustler Fund ya serikali, iliyoanzishwa Novemba 30, 2022, iliwekewa asilimia 8 kwa mwaka mzima. Tena katika masharti ya M-Shwari, asiyelipa kwa siku 30 aliongezewa siku 30 nyingine pamoja na ada nyingine. Wanaosoma tafsiri wataikumbuka riba ya zama za ujahili, ambapo mdai alimwendea mdaiwa na kumwuliza, utalipa au utaongeza? Kuiita ada badala ya riba hakubadilishi hesabu.

Njia mbadala zimejaribiwa. Gulf African Bank, iliyoanza kazi mwaka 2008, ilishirikiana na Safaricom mwaka 2022 kuanzisha Halal Pesa, kwa msingi wa murabaha: benki hununua bidhaa na kumuuzia mteja kwa bei inayojulikana, alipe baadaye. Wanazuoni wamejadili sana miamala ya namna hii inapopangwa hivi kwamba mteja haioni bidhaa bali fedha tu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao cha Sharjah mwaka 2009, liliikataa tawaruki iliyopangwa na benki, ilhali mabaraza ya sharia ya benki nyingi yameikubali kwa masharti. Makala haya hayatoi fatwa. Kila mtu amwulize mwanazuoni anayemwamini, na amwulize akiwa na masharti ya mkopo mkononi, si jina lake peke yake.

Lakini kuna jambo ambalo halina hitilafu, nalo linafaa hata kwa asiye Mwislamu. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, katika Suratul Baqara, ni ya deni. Inaagiza deni la muda liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Na ni nani atakayemsomea mwandishi maneno ya kuandika? Ni yule anayedaiwa. Akiwa hawezi, basi msimamizi wake amsemee kwa uadilifu. Tazama hekima iliyomo! Mdai ana nguvu tayari, basi kauli ya kuandikwa ikapewa mnyonge, ili asiandikiwe asilolijua. Na aya mbili kabla yake, mwenye dhiki amewekewa muhula mpaka apate nafuu.

Pima mikopo ya simu kwa mizani hiyo. Kuandikwa kumetimia kuliko wakati wowote katika historia. Hakuna senti inayopotea. Wazee waliosema mali bila daftari hupotea bila habari wangefurahi. Lakini daftari lote liko kwa mdai, mwandishi ni wa mdai, na maneno ni ya mdai. Mdaiwa amebakiwa na kidole cha kubonyeza "nakubali". Kuhusu muhula, mashine inajua tarehe tu. Haijui kuwa mpaka ulifungwa wiki nzima.

SHERIA IPO, MDOMO HAUPO

Serikali hazikulala. Kenya ilipitisha mwishoni mwa 2021 sheria ya kuwaweka wakopeshaji wa simu chini ya Benki Kuu, kanuni zake zikatoka Machi 2022, na kufikia Septemba mwaka huo makampuni 10 ya kwanza yalikuwa yamepewa leseni. Sasa yamepita mia. Novemba 2022 Benki Kuu iliweka mpango wa kuwasamehe nusu ya deni wale waliokuwa wameorodheshwa kuwa hawakulipa mikopo midogo ya simu ya muda mfupi, nao walikuwa zaidi ya milioni 4. Huo ulikuwa muhula, ingawa ulitoka juu kama mvua, haukutokana na mtu kusikilizwa.

Kubwa zaidi, na lisilojulikana na wengi, ni hili. Kenya na Uganda zote mbili zilitunga sheria za kulinda data mwaka mmoja, 2019. Sheria ya Kenya, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito, na ya kutaka uamuzi huo utazamwe upya. Ya Uganda ina kifungu chake cha namna hiyo hiyo. Yaani yule mama wa beseni ana haki, huku na kule, ya kusema, "Simkubali mwamuzi huyu, nataka mtu anitazame." Kauli yake imeandikwa katika vitabu vya serikali mbili. Ila hakuna kitufe cha kuisema simuni, wakala wa kibandani hana habari nayo, na sheria yenyewe imeandikwa kwa lugha isiyo ya sokoni.

Basi yapo ya kufanywa, wala si ya miujiza. Kwanza, kila ujumbe wa kukataa au kupunguza mkopo useme sababu kwa Kiswahili chepesi, na utaje namba ya kupiga ili binadamu aitazame kesi. Kampuni iliyopata Kiswahili kitamu cha kukopesha haiwezi kukosa Kiswahili cha kueleza.

Pili, kumbukumbu za mtu ziwe zake. Mwenye laini mbili aweze kuchukua taarifa ya fedha zake za Kenya na za Uganda na kumpelekea mkopeshaji yeyote, kwa hiari yake, azisome pamoja. Nchi za Jumuiya zilitia saini mwaka 2013 mkataba wa kuwa na sarafu moja, na tarehe ya kuitoa imesogezwa kutoka 2024 hadi 2031. Mama wa Busia hana haja ya kungoja noti moja ili nusu zake mbili ziunganishwe. Daftari likivuka mpaka kwa idhini yake inatosha.

Tatu, tusivunje vyama na upatu wetu kwa kuwa simu ina haraka. Katika chama, mtu huulizwa kwa nini amechelewa, na hujibu. Kamati ya msikiti, ya kanisa au ya soko yaweza kuweka siku moja kwa mwezi ya kuwasomea watu masharti ya mikopo waliyonayo simuni, kabla ya kubonyeza na siyo baada ya kuchelewa. Daftari la mfanyabiashara mwenyewe, hata la karatasi, ni shahidi wake siku ya kubishana na mashine.

Nne, tujihadhari, kwani akili bandia imeanza kuiga hata sauti ya binadamu. Zamani kauli ya mtu ilitambulika kwa sauti yake. Sasa anayekupigia kwa sauti ya mwanao aliye Malaba akitaka fedha upesi aweza asiwe mwanao. Kata simu, mpigie mwenyewe kwa namba unayoijua, umwulize jambo la nyumbani. Kuuliza si kumtilia mtu shaka.

Mashine hizi hazitaondoka, wala hatuombi ziondoke. Tajiri wa zamani naye alikuwa na makucha yake. Tunachodai ni kile ambacho mkopaji wa zamani alikuwa nacho hata katika umaskini wake. Anayeandikwa katika daftari la deni asomewe kilichoandikwa, na akiona si kweli, apatikane mtu wa kumsikiliza. Bila hivyo wasiiite mali kauli, wala wasitupe majina ya bahari shwari.